Siku Bosi Alipogongewa Nguzo

Sifa ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo, akampa mwili unaoanguka na moyo unaojua kuinuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu pamoja na wema wote waliomfuata. Namshukuru Mola kwa pumzi ya leo, na kwa macho ambayo bado yanaona herufi asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Vijana wangu, mnaopita hapa Handeni mkanikuta napalilia michungwa mnanijua kama Mzee Athumani wa msikitini. Wachache kati yenu wanajua kwamba kabla ya kurudi shambani nilifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mieleka pale Korogwe. Nikilisema hilo watu hunitazama kifua, wakateremka mpaka miguuni, kisha wakacheka kwa adabu. Msijisumbue. Sikuwahi kumwangusha mtu. Nilikuwa fundi wa ulingo.

Ulingo mnauona kwenye simu zenu mkadhani ni jukwaa tu lenye kamba. Chini kuna fremu ya chuma, na katikati yake tulikuwa tunaweka springi kuukuu ya lori ili mbao zicheze kidogo mtu anapotua. Juu ya mbao yanakuja magodoro, juu ya magodoro turubai, nalo linavutwa na kufungwa pembeni mpaka liwe kama ngozi ya ngoma. Kamba zetu zilikuwa za mkonge, tumezivisha mpira wa ndani wa baiskeli ili zisiwachune watu migongo. Ulingo mzuri una kelele nyingi na maumivu machache. Ukisikia mtu ametua na ulingo umenyamaza, ujue mbavu ndizo zilizopokea.

Siku hizi nasikia wanatandika sponji. Sisi tulitumia katani, maana Korogwe katani ndiyo iliyokuwa karibu. Tulichukua makapi, zile nyuzi fupi zisizofaa kusokota kamba, tukazijaza kwenye magunia na kuyashona. Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Kilua, Mungu amlaze pema, ambaye ujana wake wote aliumalizia kutengeneza magodoro katika kambi ya shamba la mkonge. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimeyapanga magunia mbiombio, akayatoa yote bila kugomba, akaniambia, "Athumani, wewe unamtandikia mtu kitanda. Tofauti ni kwamba huyu wako hupanda kitandani kwa kurushwa."

Sheikh wetu alipopata habari ya kazi yangu aliniita, akaniuliza kama wanapigana usoni na kama wanajisitiri. Nikamweleza kuwa uso haupigwi na bukta zinavuka magoti. Akanikumbusha yale tuliyosoma utotoni katika chuo cha Kurani, kwamba Mtume mwenyewe alipata kushindana mieleka na mtu mwenye nguvu akamwangusha. Nikarudi kazini na moyo mweupe.

Mwenye kampuni alikuwa Bwana Yohana, Mshambaa wa Lutindi, mtoto wa mwalimu wa kwaya. Zamani alikuwa akiuza makochi Manundu, hapo hapo Korogwe. Akaona jinsi watu walivyokuwa wanajaa dukani kwake kutazama mieleka kwenye televisheni na kuondoka bila kununua hata mto, akasema moyoni kwamba basi ngoja awauzie hicho wanachokitazama. Alikuwa mtu mwema, mwenye bidii, na mwenye ugonjwa mmoja: hotuba.

Kila Jumatatu tulikusanyika kwenye ghala letu la Manundu. Bwana Yohana alisimama juu ya kreti la soda, amevaa koti la kahawia katika joto lile la bondeni, akatuhubiria kwa sauti aliyoirithi kwa baba yake. Simba haogopi mvua. Tai haruki na kunguru. Ninyi si wafanyakazi, ninyi ni familia. Siku aliposema hilo la familia, Mama Zaina, aliyekuwa mpishi wetu na mshonaji wa mavazi na maturubai, aliuliza bila kuinua kichwa ni familia gani inayotia sahihi mlangoni kila asubuhi. Watu walicheka mpaka Bosi mwenyewe akacheka. Aliyekuwa hodari wa kumwigiza ni Rashidi, kijana wa Mazingara, huku huku Handeni, jina lake la ulingoni Nyati. Alikuwa akilivaa gunia kama koti, anapanda kwenye kreti, anapandisha sauti na kushusha kama mwenyewe, hata ukifumba macho huwezi kujua yupi ni yupi.

Hotuba zile zilituingiza katika mambo. Kuna wakati Bosi alizungumza juu ya simba wiki kadhaa mfululizo, hatimaye akaamua simba achorwe katikati ya turubai. Mchoraji akatumia rangi ya mafuta, na haikupewa nafasi ya kukauka. Jua la saa tisa lilipoipiga ikalainika. Wanamieleka wakawa wanatua na kuganda, wakinyanyuka wana manyoya ya simba mgongoni, na mmoja alitoka na jicho zima la mnyama kwenye bega. Watazamaji walifurahi kuliko siku zote. Bosi aliusafisha ulingo pamoja nasi kwa mafuta ya taa, na Jumatatu iliyofuata akatuhubiria juu ya subira.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba tulimpenda. Lakini kumpenda mtu na kuyaamini maneno yake ni vitu viwili. Maneno hayo tuliyapima Mazingara, na safari ya kufika huko ilianzia kwenye katani.

Katani ina tabia yake. Ikilowa, usidanganyike na jua. Nje ya gunia itakauka na kuwa kama nyasi, lakini ndani nyuzi zinashikana zikawa bonge gumu kama mzizi. Dawa yake ni moja: fumua gunia, toa katani yote, ichambue kwa vidole mpaka iwe nyepesi, ndipo uijaze tena. Ni kazi ya siku nzima, na vidole vinachanika. Mvua ilitunyeshea magodoro kabla ya onyesho moja la pale Korogwe. Tukayaanika. Nilimwambia Bosi kwamba bado hayajachambuliwa, apige mchezo kalenda. Watu walikuwa wamekwishaingia, wanapiga mabati ya uzio kwa mateke. Akaniambia nifunge hivyo hivyo.

Aliyeumia ni Mhina, mtu mpole kuliko wote, mwenye sifa ya kuwabeba wenzake juu na kuwashusha taratibu kama mayai. Alirushwa kama anavyorushwa kila siku, akatua kiuno juu ya bonge. Ulingo haukutoa sauti. Tulimbeba juu ya ubao mpaka hospitali, na daktari akasema atalala muda mrefu, na kutembea tumwachie Mungu.

Baada ya hapo wanamieleka waligoma. Hawakupiga kelele. Walikaa tu kwenye ngazi za ghala wakisema hawapandi tena. Na mbele yetu palikuwa na onyesho la Mazingara, ambako watu walikuwa wamekwishavuna na wanatungoja, wamemwalika na mgeni rasmi. Sote tulijua kwamba tusipokwenda Mazingara kampuni imekwisha, kila mtu ashike njia yake. Rashidi ndiye aliyekuwa mkaidi zaidi, ingawa Mazingara ni kwao na baba yake alikuwa hajawahi kumwona ulingoni.

Jumatatu ikafika. Bosi akaja, akapanda kwenye kreti. Akaanza na simba aliyejeruhiwa, kwamba haachi msitu wake. Mama Zaina alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya magunia. Rashidi alitazama nje. Bosi akasema sentensi moja zaidi juu ya simba, akanyamaza katikati yake. Nilidhani amesahau maneno. Akavua koti, akateremka, akaketi juu ya kreti lile lile, akawa sawa na sisi.

"Mzee Athumani aliniambia magodoro bado," alisema. Sauti ya kwaya ilikuwa imemtoka. "Nilimsikia vizuri. Nikamwambia afunge, kwa sababu watu walikuwa wanapiga mabati, na mimi naogopa kelele za watu. Mhina hajaangushwa na mvua wala bahati mbaya. Mimi ndiye niliyemwangusha. Nimetoka kumwambia yeye na mama yake maneno haya haya."

Vijana wangu, mimi nimesikiliza mawaidha tangu nikiwa na meno ya utoto, na nawaambia ni wachache wanaoweza kusema "ni mimi" mbele ya wafanyakazi wao, bila kuongeza "lakini". Nilingoja hiyo lakini. Haikuja.

Akaendelea kwamba hatatuomba tuwe mashujaa. Alichotuomba ni kitu kingine. Kuanzia siku ile, mtu yeyote wa kampuni, awe mwanamieleka, dereva au mpishi, akiona kitu hakimridhishi ulingoni, agonge nguzo ya pembeni kwa nguvu. Yeye atasimamisha mchezo kwanza, na kuuliza sababu baadaye. Na aliyegonga akionekana amekosea, hataambiwa neno.

Mama Zaina akakata uzi kwa meno. "Hata Mazingara, baba? Mgeni rasmi amekaa mbele, uwanja umejaa, nikugongee?"

"Gonga uone, mama."

Hapo watu walicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Mhina aumie. Rashidi hakucheka. Alisema, "Tutakwenda, Bosi. Tutakwenda kuangalia. Hatujasema tumeamini."

Bosi akaitikia kwa kichwa, akasema hilo linatosha.

Mnaweza kudhani hotuba ile ilituingia sote kwa namna moja. Wapi. Wakati wa chai dereva alisema Bosi kayatoa maneno hayo kwenye simu. Mwanamieleka mmoja alisema machozi yalimkaribia lakini tumbo bado linaogopa. Mama Zaina alisema yeye hana maneno, ana sindano. Nami nilisema, na mpaka leo nasema hivyo, kwamba hotuba haipimwi siku inaposemwa. Inapimwa siku ya kwanza mtu anapoitii, mwenye kuisema akaona gharama yake. Basi tukafumua magunia yote, tukachambua katani kwa siku kadhaa, na Bosi akiwa kati yetu na vidole vyake laini vya muuza makochi. Vilichanika vibaya. Hakuvificha wala hakuvionyesha.

Mazingara tulifika na lori asubuhi, tukafunga ulingo kwenye uwanja wa mpira. Niliukagua kama nilivyozoea, nikitembea juu yake hatua kwa hatua, nikipiga kisigino. Niliridhika. Baada ya swala ya alasiri watu walijaa, wazee mbele kwenye viti, akina mama na watoto kwenye majani, wafugaji wameegemea fimbo zao nyuma. Baba yake Rashidi, Mzee Sefu, mkulima mkimya mwenye kofia ya kiua, alikuwa amekaa mstari wa mbele na mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

Ngoma zikapigwa. Bosi akashika kipaza sauti, koti lake limerudi mwilini, akaanza kumtambulisha Nyati, simba wa nyumbani, maana wanyama aliwachanganya hivyo siku zote. Rashidi alikuwa anakuja amebebwa mabegani na vijana wa kwao, uwanja mzima unaimba jina lake. Wakati huo huo Mama Zaina alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya ulingo, anashona mahali turubai lilipoanza kuchanika. Nilimwona akiacha kushona. Akasogeza goti huku, akalirudisha. Akainuka, akashika nyundo yangu ndogo, akaigonga nguzo.

Chuma kililia uwanja mzima. Bosi alikuwa katikati ya neno.

Nilimtazama. Nilimwona akimtazama mgeni rasmi, kisha watu, kisha Rashidi aliye juu mabegani. Rashidi naye alikuwa amemkazia macho yeye, hatazami ulingo. Jasho lilimshuka Bosi usoni. Kelele zile alizotuambia anaziogopa zilikuwa zimeanza. Ingekuwa rahisi sana kucheka, kusema mama anajaribu nyundo, na kuendelea. Hakuna mtu wa Mazingara ambaye angejua.

"Mchezo umesimama," alisema kwenye kipaza sauti.

Kisha ndipo akamwendea Mama Zaina na kumuuliza. Mama akamwambia weka goti hapa. Akaliweka, akauma mdomo. Nami nikaliweka. Mguu wangu ulikuwa umepita pale na kiatu na haukusikia kitu, lakini goti lilikuta bonge kama ngumi. Gunia moja lilikuwa limechambuliwa juu juu tu. La nani, hatukuuliza, maana sote tulichambua. Chukueni hilo, nyinyi mnaojifunza ufundi wowote: kagueni kazi kwa kiungo kile kile kitakachoumia. Tangu siku ile nilikagua ulingo kwa magoti na viwiko, na wanaonijua walisema Mzee Athumani anaswali kila kona.

Watu waliwaka. Kijana mmoja akapiga yowe kwamba wababe wa mjini wanaogopa hata godoro. Mwingine akataka viingilio virudi. Mwingine akasema wamwachie yeye apande, kwao wanalala kwenye ngozi ya mbuzi na hawajafa. Bosi alisimama pale na kuyapokea yote. Chuoni tulifundishwa kwamba mwenye nguvu si yule anayewaangusha wenzake, bali anayeizuia nafsi yake. Nilikuwa nimelisoma hilo tangu utotoni. Siku ile nililiona limevaa koti la kahawia.

Mzee Sefu akainuka. Uwanja ukapungua kelele, kwa heshima yake. Akauliza, bila ukali, kwa nini mwanawe hapigani.

"Shikamoo, mzee," Bosi akajibu, na kipaza sauti kikayapeleka maneno mpaka kwa wafugaji. "Pale kwenye kona pana bonge gumu. Mwenzake aliumia kiuno kwa bonge kama hilo, na kosa lilikuwa langu. Siwezi kumpandisha mwanao mpaka tumefumua na kuchambua upya. Tutachelewa. Anayetaka kuondoka nitamrudishia kiingilio, na nitamwomba radhi."

Mzee Sefu akauliza ni kuchambua nini. Akaambiwa katani. Akasema yeye ujana wake alikata mkonge, na katani anaijua kuliko anavyoijua mieleka. Akavua kofia akaiweka juu ya kiti, akaja mpaka ulingoni, akaketi chini na kunyoosha mkono apewe.

Hapo akina mama walianza kusogea, mmoja akimwambia mwenzake kwamba kama ni kazi ya vidole tu, basi si watakesha hapa wakiwangoja wanaume hawa. Tukafumua magunia ya upande ule wote. Wakakaa duara kwenye majani, wanachambua na kutaniana, wanamieleka wenye vifua kama milango wamebanana kati ya mabibi wanaowafundisha namna ya kushika nyuzi. Kijana aliyesema wababe wanaogopa godoro alipewa fungu lake na bibi yake mwenyewe. Mgeni rasmi naye akakunja mikono ya shati. Bosi na Mzee Sefu walikuwa wamekaa goti kwa goti, na sikusikia walichoongea, ila nilimwona mzee akimtazama vidole vile vilivyochanika.

Jua lilikuwa linaelekea milimani tulipofunga turubai. Mama Zaina akapiga goti kila mahali, akaridhika, akashuka. Mchezo ukaanza. Ulikuwa mchezo mzuri, na nisingeweza kuwasimulia nusu yake. Nitawaambia mwisho wake tu.

Katika mieleka yetu, anayerushwa ndiye anayechagua kwa siri mahali pa kutua. Hukanyaga mguu wa mwisho kuelekea anakotaka, na mrushaji hufuata. Ulingo ulikuwa mkubwa, na katikati ndipo penye springi, ndipo kila mwenye akili hupenda kutua. Rashidi akashikwa ili anyanyuliwe. Nikaona mguu wake umekanyaga upande wa kona. Ile kona. Mama Zaina alishika kanga yake kwa mikono miwili.

Akanyanyuliwa juu kabisa, akatua chali pale pale. Ulingo ukalia kama radi, na mbao zikaitikia mpaka chini. Rashidi akabaki amelala, amenyoosha mikono, kichwa amekigeuza kumtafuta Bosi kando ya kamba. Alipompata, akacheka. Bosi akageuka upande wangu, akavua koti lile na kujifuta nalo uso, na sikumuuliza anafuta nini.

Mhina alitembea tena, kwa rehema za Mungu, akawa mwamuzi wetu. Hakuna aliyeacha kazi mwaka ule.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akujaalie bwana wa kazi anayesimama unapogonga, na siku utakapokuwa wewe ndiye bwana, akupe masikio ya kusikia na moyo wa kusimama. Aibariki mikono yako na riziki unayoitafuta kwayo, awahurumie waliokufundisha, na kila utakapoanguka akutandikie mahali laini. Amina.